Mkono Uliombariki Paskalina

Chumbani tulikuwa wanawake watatu. Paskalina, bibi harusi mwenyewe, kifungua mimba wa Mzee Tluway wa Nakwa. Martina, shangazi yake, dada wa Mzee Tluway kwa baba na mama, alikuwa amesimama juu ya kigoda ameshika shuka jeupe. Na mimi Veronika, ambaye ninyi mnaniita Bibi Vero, sikuwa ndugu wa mtu yeyote pale, nilikuwa mpiga picha tu. Nje chini ya upenu alikuwepo Mzee Rajabu, Mrangi wa Kondoa, mwenye studio niliyofanyia kazi. Yeye hakuruhusiwa kuingia, maana ni mwanamume na bibi harusi alikuwa anavalishwa. Jikoni alikuwepo Elizabeti, yaani Mama Paskalina, akigombana na kuni mbichi. Na Mzee Tluway mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba anasugua viatu. Wageni walijaa uwanjani, majina yao ninayo pia, lakini habari hii ni ya hao sita.

Nawaandikia ninyi wajukuu zangu mnaopiga picha za harusi hapa Babati. Aliyenichokoza ni mwenzenu Neema wa Mutuka. Alikuja kwangu na simu yake, akaona picha zangu za zamani ukutani.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Bibi, hizi nyeusi na nyeupe ni kali. Ulitumia programu gani kutoa rangi?"

Nikamwambia, "Rangi haikutolewa, mama. Haikuwahi kuingia. Mimi nilitumia dirisha."

Akacheka akidhani natania. Sasa naeleza nilivyotumia hilo dirisha, na deni la roho linalonikalia mpaka leo.

Kwanza mjue mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Nilikuja mjini kufagia studio ya Mzee Rajabu, si kupiga picha. Wiki ya kwanza aliniachia filamu tatu mezani, akasema, "Veronika, hizi za harusi ya Mwalimu Amnaay zinataka kusafishwa," akaenda kuswali adhuhuri. Ninyi hamjui, zamani picha ilikuwa inasafishwa. Maana yake filamu inaingizwa kwenye dawa gizani mpaka sura zitokee. Yeye alikuwa ananiambia tu kazi itakayomsubiri akirudi. Mimi nikasikia kusafisha ni kusafisha. Nikazivuta zile filamu kutoka kwenye vikopo vyake, mchana kweupe, nikaona zina rangi ya vumbivumbi. Nikachukua sabuni ya mche na beseni. Nikazisugua vizuri, nikazianika kwenye kamba kwa vibanio, pamoja na matambara ya studio.

Mzee Rajabu aliporudi alisimama mlangoni akashika kichwa.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha, mzee. Hii ya mwisho ilikuwa na uchafu sugu."

Akakaa kwenye ngazi, mgongo unatikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka mpaka kofia ikaanguka.

Harusi ya Mwalimu Amnaay ilibidi irudiwe. Jumamosi iliyofuata yeye na mkewe Rozi walivaa tena, kule Maisaka, wakasimama tena. Keki ilikuwa imeshaliwa siku nyingi, tukavalisha debe kitambaa cheupe na kulichomeka maua. Katika picha nyeusi na nyeupe debe lile ni keki kabisa, wageni wanalisifu mpaka leo. Mwalimu ameniruhusu kusema, anasema kwa umri wake haoni aibu tena.

Kuanzia hapo Mzee Rajabu akaniingiza chumba cha giza. Alisema mfagiaji asiyejua anachofagia atamfilisi. Baadaye akaniweka kamera shingoni, na sababu ilikuwa moja: nilikuwa mwanamke. Picha nzuri za harusi zote zipo katika chumba anachovalishwa bibi harusi, na yeye mlango ule alikuwa anauangalia kwa nje tu. "Nenda," akasema, "uwe macho yangu." Miaka ikapita nikawa macho yangu mwenyewe.

Kamera yetu ilikuwa ile ya macho mawili, unaishika tumboni na kuangalia kwa juu, ndani ya kioo. Ina mambo mawili muyajue. Moja, mle kwenye kioo kulia kunakuwa kushoto na kushoto kunakuwa kulia. Mtu akienda huku unamwona anakwenda kule, na mwanzoni nilikuwa nagongana na kabati. La pili, unapiga ukiwa umeinamisha kichwa. Ninyi mnamnyooshea mtu lile likamera usoni kama mnamdai, halafu mnamwambia awe huru. Sisi tulikuwa tunainama kama tunaoamkia wakubwa. Mtu haoni jicho lako, anasahau.

Tena msianze kupiga mkiingia. Kaeni kwanza, fanyeni kazi ya chumba. Funga kifungo, shika sindano. Siku zote nilingoja mtu anipe pini nimshikie mdomoni. Akishakupa pini za mdomoni, wewe si mgeni tena, ndipo unaanza. Filamu moja ilikuwa picha kumi na mbili. Neema anasema yeye anapiga elfu tatu kwa harusi moja. Sawa, ila elfu tatu zile huwezi kupiga ukiwa na pini mdomoni.

Na mwanga. Kipimo cha Mzee Rajabu kilikuwa na namba ndogondogo zilizonichanganya, kwa hiyo alinifundisha kwa kiganja. Fungua kiganja chako, zunguka nacho chumbani taratibu. Pale mistari ya kiganja inapoonekana yote bila kung'aa, hapo ndipo uso ukae. Funga mlango, maana mwanga wa mlango na wa dirisha ukigombana usoni, anayeumia ni bibi harusi. Upande wa giza weka mtu ashike shuka jeupe, lirudishe mwanga kidogo kwenye shavu la pili. Usitumie sinia. Sinia linarudisha mwanga kwa hasira.

Ndiyo maana Martina alikuwa juu ya kigoda.

"Veronika, hili shuka nalishika mpaka lini? Mimi nilikuja kucheza ngoma, sikuja kuwa kamba ya kuanikia."

"Bado kidogo, shangazi."

"Kidogo chako nakijua. Uliniambia kidogo tangu chai."

Nilikuwa nimebakiza picha moja katika filamu, nimeitunza kwa ajili ya Mzee Tluway. Katika ukoo wao baba humpaka binti samli kidogo kwenye paji la uso kabla hajatoka nyumbani. Samli ile Martina alikuwa ameitia kwenye kikopo kidogo na kumkabidhi kaka yake mapema, aiweke kwenye koti.

Mzee Tluway alikuwa mkulima wa mahindi na mbaazi, mtu wa maneno machache. Koti lilikuwa la kuazima, mikono mirefu imefika vidoleni. Alibisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akavua kofia.

"Nikae wapi?" akauliza.

"Usikae, kaka. Bariki," akasema Martina. "Mikono inakufa huku."

Mzee alikuwa anamwangalia Paskalina tu. Alikuwa hajamwona na lile gauni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikopo, akakifungua bila kukitazama, akachovya dole gumba, akampaka binti yake katikati ya paji. Alianza kusema maneno ya baraka, na Martina akapiga kelele.

"Kaka! Hiyo ni dawa ya kiatu!"

Vikopo vilikuwa viwili, kimoja mfuko huu, kimoja ule. Paskalina akagusa paji, akatazama kidole, kimekuwa cheusi ti. Mzee Tluway akalitazama dole gumba lake. Halafu akasema, taratibu kama kawaida yake:

"Basi, mwanangu, utang'aa."

Paskalina alicheka kwa pua kwanza, anajizuia, halafu kicheko kikamtoka chote. Na baba yake akacheka. Mimi nilikuwa sijamwona yule mzee akicheka. Dole gumba lake likiwa bado liko hewani karibu na uso wa binti, shuka likitikisika kwa kicheko cha Martina, mwanga ukawa unacheza mashavuni mwao kama maji. Nikabonyeza.

Sasa Mama Paskalina akatokea na mwiko.

"Nani anacheka humu?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Paskalina! Umeonyesha meno? Siku ya leo?"

Wajukuu, siku hizi bibi harusi anaingia ukumbini anacheza mpaka viatu vinamvuka. Wakati ule bibi harusi hakucheka. Alitazama chini, na akilia ndiyo vizuri zaidi. Akionekana meno, wakwe wanasema huyu alikuwa na haraka ya kuondoka kwao, hakulelewa. Na wakwe wenyewe walikuwa watu wa Dareda, mama wa bwana harusi anajulikana kwa ulimi.

Mama Paskalina akanigeukia. "Umepiga?"

"Nimepiga, mama."

"Hiyo uisafishe. Umesikia? Uisafishe kabisa."

"Nitaisafisha, mama."

Naapa sikuwa na ujanja. Nilijibu kama anavyojibu mtu wa studio. Yeye alitaka kicheko kifutwe, mimi nimeahidi kukitoa kwenye dawa. Akaridhika, akarudi kwenye kuni zake. Paji likafutwa kwa kitambaa, baraka ikarudiwa na samli yenyewe, na hiyo ya pili sikuipiga, filamu ilikuwa imekwisha.

Picha za nje niliziharibu, nasema mwenyewe. Jua lilikuwa utosini. Nilipima mwanga kwenye gauni. Gauni jeupe lilitoka zuri kila uzi, na nyuso zetu nyeusi zikawa makaa. Pimeni uso. Gauni litajitegemea. Waliokuwa vichwa wazi walionekana kidogo, lakini Mzee Tluway alikuwa amerudisha kofia kichwani, kofia pana mpya, na chini ya ukingo wake hakuna kitu, ni shimo. Katika picha zote za nje. Moja akiwa anatoka mlangoni na Paskalina ilitikisika, sura zimevutika kama uji.

Wiki mbili baadaye Mama Paskalina alikuja kuchukua albamu. Akafunua, anafurahi, akafunua tena, akafika pale.

"Veronika. Hii ni nini?"

"Ni ile ya chumbani, mama."

"Si ulisema utaisafisha?"

"Nimeisafisha, mama. Ona ilivyotoka safi."

Mzee Rajabu alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia anakohoa kikohozi cha uongo. Mama Paskalina hakucheka. Alichana ile picha mara nne, akaweka vipande kwenye mkoba. Halafu akasema anajua kuna mama yake picha, ile filamu yenyewe, anataka ikatwe mbele yake.

Niliingia ndani. Mzee Rajabu akaninong'oneza, "Umepiga wewe, amua wewe."

Nikarudi na mkasi na kipande cha filamu. Akakiinua dirishani. Kwenye filamu vitu vimegeuka, cheusi ni cheupe.

"Mbona mwanangu amevaa gauni jeusi kama mjane?"

"Ndivyo zinavyokuwa, mama."

"Kata. Kata haraka, mkosi huo."

Nikakata. Nilichokata ni ile iliyotikisika, ya mlangoni. Ile ya kicheko niliiweka katikati ya kitabu changu cha nyimbo, na kila Jumapili nikikifungua kanisani nilikuwa naona aibu. Nilimdanganya mtu mzima akinitazama usoni.

Mzee Tluway hakukaa sana. Mtoto wa kwanza wa Paskalina alikuwa hajaota meno. Mzee aliugua wiki moja tu, tukamzika Nakwa, na hakuna picha iliyowekwa juu ya jeneza. Siku ya tatu baada ya matanga Mama Paskalina akaja studio peke yake, albamu imefungwa kwenye kanga.

"Nitafutie uso wake," akasema.

Tukafunua pamoja. Kofia. Kofia. Kofia.

"Nilimnunulia mwenyewe," akasema. "Nilimwambia usiivue, jua kali. Mtu mtiifu yule. Sasa Veronika, mjukuu atakua aniulize babu alikuwaje, nimwonyeshe kofia?"

Akaendelea kufunua, akafika kwenye ukurasa ule mtupu, alama za gundi bado zipo. Akaweka kiganja chake juu yake.

"Hapa alikuwepo," akasema. "Na mimi ndiye niliyesema kata."

Nikaenda nikachukua kitabu cha nyimbo. Nikakifungua mbele yake. Akatazama kile kipande, akanitazama mimi.

"Siku ile ulinikatia nini?"

"Niliyoikata ilikuwa imetikisika, mama."

"Mwongo wewe."

"Ndiyo, mama."

Akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Haya, isafishe. Na safari hii nakuangalia."

Nikamwingiza chumba cha giza, mchana ule, kwenye taa nyekundu. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nikaweka filamu kwenye mashine, nikamulika, nikazamisha karatasi kwenye beseni la dawa. Cheusi ndicho hutoka kwanza. Likaja koti. Likaja lile doa la dawa ya kiatu, peke yake kwenye karatasi nyeupe, kabla hata ya paji lenyewe. Likaja dole gumba. Halafu yakaja macho ya mzee, na mikunjo yake, yote, kwa sababu ya shuka la Martina. Meno hayakuja. Meno ni karatasi yenyewe iliyoachwa nyeupe.

Mama Paskalina alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia dawa.

"Alikuwa anacheka hivi?"

"Hivi."

"Na mimi nilikuwa jikoni." Akaniuliza, "Alisema nini?"

Nikamwambia. Utang'aa. Akarudia mwenyewe, "Utang'aa," akaanza kutikisika, na mule gizani sikujua anacheka au analia, wala sikuuliza. Baadaye nikamwambia naweza kukata upande wa Paskalina, ibaki ya mzee peke yake, wakwe wasiseme.

"Wewe na mkasi wako!" akasema. "Acha. Acha na meno."

Picha ile iko Nakwa, sebuleni kwa Mama Paskalina, ukiingia tu iko mbele yako. Yeye bado yuko, mzee kuliko mimi.

Sasa lile deni. Mwaka huu Martina alikuja kunisalimia. Tumekunywa chai, tumecheka, na alipokuwa anaaga akasema, "Vero, nimekuwa nikitaka kukuuliza siku nyingi. Mbona kwenye ile picha kaka yangu anabariki kwa mkono wa kushoto?"

Sijalala vizuri tangu hapo. Mkono wa kushoto haubariki mtu. Filamu ina upande unaong'aa na upande usiong'aa, na usiong'aa ndio unatazama karatasi. Ukiuweka vibaya, kulia kunakuwa kushoto, na siku ile mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Inawezekana nimemwonyesha Mzee Tluway akimbariki mwanawe kwa kushoto, miaka yote hii, mbele ya kila anayeingia sebuleni. Au labda kweli alitumia kushoto na sisi kwa kucheka hatukuona. Nikijaribu kukumbuka namwona kwenye kioo cha kamera tu, na mle ndani nimeshawaambia, kila kitu kimegeuka. Kwa macho yangu mwenyewe sikutazama. Nilikuwa nimeinama.

Na macho haya sasa yana ukungu, nikiisogelea picha naona meno na doa, basi.

Kwa hiyo, Neema na wenzako, mkipita Nakwa, bisheni hodi, mwamkieni Mama Paskalina, mwombeni mwitazame picha. Msitazame nyuso kwanza, mtachelewa. Tazameni koti. Koti la mwanamume vifungo hukaa upande wake wa kulia. Kama mkono unaobariki uko upande mmoja na vifungo, ulikuwa mkono wa kulia hata kama mimi niligeuza filamu. Njooni mniambie, nitaichapa upya, filamu bado iko kwenye kitabu cha nyimbo na Neema anajua palipo na mashine. Kama uko upande mwingine, njooni mniambie vilevile, ila mnong'one, Martina asisikie. Na kama kuna jina nimelikosea humu, au aliyekuwepo nikamsahau, mniambie hapohapo. Lakini vifungo kwanza.